Dobi Aliyeomba Jina Lake Lihifadhiwe

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kinyozi, ubavuni mwa duka la dawa, pale ambapo kivuli cha ukuta hukaa asubuhi kisha kikaondoka na wateja wake. Mwenye kahawa huitwa Mama Birika, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama jina hilo analipenda. Wenye benchi ni watatu. Hakimu ni kinyozi. Akimaliza kichwa kimoja hutoka nje kutoa hukumu kabla kingine hakijaketi. Antena ni fundi redio, mtu wa habari zote, hata zile ambazo hazijatokea. Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, akaitwa hivyo kwa sababu mjadala ukikolea yeye ndiye huusimamisha. Kwa kawaida hubishania mambo yasiyowahusu. Asubuhi hiyo walibishania simu ya Mama Birika.

Mama Birika alikuwa ameinamia simu tangu jiko liliposhika moto. Birika lilikuwa linachemka, vikombe vimepangwa, na hakuna aliyemiminiwa.

—Leo tunakunywa kwa macho? akauliza Breki.

—Nivumilie kidogo, mzee wangu. Namtafuta mama.

Wakatazamana. Wote watatu walikuwa makaburini siku mama huyo alipozikwa.

—Mama yupi? Antena akauliza polepole, kama anayemsemesha mgonjwa.

—Huyohuyo mliyemzika. Msinitolee macho, akili zangu ninazo.

Akawaeleza huku akimimina. Simu yake ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia, ikafa pamoja na ujumbe wote wa sauti aliowahi kutumiwa na mama yake. Wenyewe haukuwa wa maana sana: mbona hupigi, mtoto kikohozi kimepoa, niletee dawa ya magoti. Lakini picha anazo tele, sauti hana hata ya kupiga chafya. Halafu juzi akakutana na bibi mmoja aliyekuwa dobi wa hospitali pamoja na mama yake. Bibi huyo akamwambia kwamba zamani, walipokuwa bado kazini, walikuja wanawake wa maktaba na mashine ya kurekodi. Waliwaita madobi mmojammoja kwenye stoo ya mashuka, wakafunga mlango, na kila mmoja akasema mpaka akachoka. Mama yake naye aliingia.

—Hakuwahi kukwambia? akauliza Hakimu.

—Hata kidogo. Siku hiyo atakuwa alirudi nyumbani akapika kama kawaida.

—Kwa hiyo sauti ipo.

—Ipo maktaba. Na maktaba ina katalogi mtandaoni, mtu yeyote anaingia anatafuta. Nimeandika jina lake lote. Hakuna kitu.

Hakimu akajifuta povu la sabuni mkononi, akaunyosha.

—Lete. Jina umeliandikaje?

—Kama lilivyo kwenye kitambulisho.

—Kosa ndilo hilo. Nani mtaani alimjua mama yako kwa jina la kitambulisho? Andika jina la mumewe. Mzee wako alikuwa karani, mtu wa maofisi. Kompyuta zote zinamfahamu.

Akaandika mwenyewe, kidole kimoja, kwa heshima zote: mke wa fulani, karani. Kioo kikazungusha kiduara kidogo, kisha kikaleta maneno: Hakuna kilichopatikana. Jaribu maneno machache zaidi.

—Wamemkataa mzee, akasema Breki.

—Hii maktaba ni ya nani kwani? akauliza Hakimu.

—Ya wanawake, akasema Mama Birika. Maktaba ya kifeministi. Si imeandikwa hapo juu.

—Aa, basi kesi imekwisha. Hao waume hawawaandiki. Mwanamke anaingia humo peke yake kama anaingia bafuni.

—Na wewe ukienda hospitali unaandikwa mume wa nani?

Antena akacheka mpaka kahawa ikampalia. Alipopata pumzi akaichukua simu, akaigeuza huku na huku kama redio iliyoletwa kutengenezwa.

—Nyinyi mnabishana na maktaba, tatizo ni mashine. Mashine hizi zina macho mabovu. Ukiandika herufi ndogo hazikuoni. Andika kubwa, tena andika jina ambalo mtaa mzima ulimwitia. Mama wa nani? Si wa kaka yako mkubwa? Haya.

Safari hii vitu vilikuja, vikaja kupita kiasi. Vitabu vya uzazi, majarida yenye mama na mtoto jaladani, mabango ya mikutano, taarifa za makongamano. Antena akawa anasukuma kioo juu na kila akisukuma vinaongezeka.

—Umesimama sokoni ukaita “mama”, akasema Breki. Wamegeuka wote.

—Afadhali wamegeuka. Wewe una njia gani?

Breki akaweka kikombe chini. Miaka yote ya barabarani alijifunza kwamba mlango haufunguki kwa mtu asiyejua kuingia.

—Sisi tumevamia. Tumeingia nyumba ya wenyewe, hata hodi hatukupiga, tunadai mtu. Hebu andika ninavyosema. Hamjambo wapendwa. Samahani kwa usumbufu. Tunamtafuta mama yetu, marehemu, aliyekuwa dobi wa hospitali, mwembamba, mcheshi, mwenye mwanya.

Mama Birika akaandika mpaka pale, kidole kikasita.

—Mcheshi?

—Mcheshi, ndiyo. Kila akipita hapa lazima aitukane kofia yangu. Siku asipoitukana najua anaumwa.

Mama Birika alimfahamu mama aliyekuwa akiingia mlangoni, akivua viatu na kuuliza nani hajaoga. Hakumbuki kofia ya mtu yeyote. Akaliandika neno hilo hata hivyo.

Hakuna kilichopatikana. Jaribu maneno machache zaidi.

—Inarudia yaleyale, akasema.

—Inatukimbia, akasema Hakimu. Nyinyi hamuoni? Simu za siku hizi zinatambua kidole. Hufungui simu kwa kidole wewe? Maktaba ya wanawake imeona vidole vya kiume vinapapasa mlango wake, vingine vina povu la wembe, imejifunga. Sisi tusingeigusa, sasa hivi tungekuwa tunamsikiliza mama.

—Mimi nilianza peke yangu, na kidole changu ni cha kike.

—Ilikunusa uko na sisi.

Mama Birika akaivuta simu kwake. Kuna mteja alikuwa anaita kutoka kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa, na Hakimu akamjibu kwamba kesi bado inasikilizwa.

Mama Birika akajitenga kwenye ncha ya benchi, akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifanya: akausoma ukurasa. Wote walikuwa wameking'ang'ania kisanduku cha juu cha kuandikia, chini yake hawakutazama. Chini yake kulikuwa na maneno madogo. Tafuta kwa mtunzi, kwa mada, kwa mwaka. Chagua aina: vitabu, majarida, mabango, sauti. Na kitufe kilichoandikwa Chuja.

Mtu anayeuza kahawa hahitaji kufundishwa kuchuja. Akagusa sauti, na vitabu vyote vikatoweka na mabango yake. Akafungua mada, ikashuka orodha ya maneno ya maktaba yenyewe, jinsi wao wanavyoviita vitu. Dobi hayumo. Kufua kumo, kumewekwa ndani ya Kazi.

Hakimu alikuwa amechungulia begani.

—Kufua wamekuweka kwenye kazi?

—Wewe ulikuweka wapi?

Hakimu akawaza. Alionekana anatafuta kweli, na hakupata pa kukuweka.

Ndani ya Kazi kulikuwa na Wafanyakazi wa hospitali. Akagusa hapo, akagusa Chuja. Zikabaki rekodi chache zinazoenea kwenye kioo kimoja, na kila moja ilianza kwa maneno yaleyale: Msimulizi ni dobi wa hospitali. Jina limehifadhiwa kwa ombi lake.

—Ndiyo maana, akasema Antena kwa sauti ndogo. Tungeandika jina mpaka kesho.

—Si kuna namba ya simu hapo? akasema Breki. Piga. Wewe ni mwanawe wa kumzaa.

Akapiga. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezungukwa na makaratasi. Mama Birika akaeleza yote kwa pumzi moja, na wale watatu wakaacha kunywa.

—Pole sana, mama, sauti ikasema. Lakini aliyeomba jina lihifadhiwe tunamhifadhia kwa kila mtu.

—Hata kwa mtoto wake?

—Mara nyingi ni kwa ajili ya watoto wake.

Yule wa maktaba akaendelea, kwa upole sasa, kwamba kusikiliza hakukatazwi. Aje mjini kwao, kanda ni za zamani, wanatoa moja tu kwa kila anayekuja, na lazima iombwe mapema.

—Nitajuaje ni ipi?

—Chini ya kila kanda tumeandika anazungumzia nini. Usitafute mtu, mama. Tafuta aliyoyasema.

Simu ikakatwa. Mji huo ni safari ya kutwa kwenda na kurudi, jiko limezimwa, watoto wameachwa kwa jirani ambaye naye ana wake. Kanda moja, safari moja. Hawezi kwenda kubahatisha kila wiki.

—Soma basi, akasema Hakimu. Tutamjua tu. Mama yule?

Akasoma. Wa kwanza anazungumzia mvuke, mikono iliyochunika, na siku walipogoma mpaka wapewe glavu.

—Huyo huyo, akasema Hakimu. Mama yako alikuwa na mdomo.

Wa pili anazungumzia mtoto wa kwanza aliyemwacha kwa dada yake, na jinsi anavyomkumbuka kila akikunja shuka la mtoto.

Hapo hakuna aliyedai kuwa ni yeye. Mama Birika akapita haraka.

Wa tatu anazungumzia hamu ya kuendesha lori, na barabara alizosimuliwa na watu.

—Aliwahi kuniuliza habari za barabara, akasema Breki. Mlima, madaraja, kama usiku nalala wapi. Lakini watu wote huniuliza.

—Dobi na lori wapi na wapi? akasema Antena.

—Sijasema ni yeye. Nimesema aliniuliza.

Wa nne anazungumzia kupenda kuwa peke yake, na kuchelewa kurudi nyumbani kwa makusudi.

—Huyo mtoe kabisa, akasema Hakimu. Mama yako alikuwa anakimbilia kwenu. Mimi nilikuwa namwona kila jioni akipita hapa mbiombio.

—Mtoe, akakubali Antena. Ni wa glavu.

—Wa glavu hakuwa na mwanya, akasema Breki.

—Umeona mwanya kwenye maandishi?

Wakaendelea hivyo, na Mama Birika hakuwasikia vizuri. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Asubuhi alidhani kazi ni kuipata hiyo katalogi. Akishafika mlangoni, mama yake atamjua na yeye atamjua. Sasa wamekaa mbele yake madobi wasio na majina, na kila mmoja angeweza kuwa yeye, na kila mmoja ni mgeni.

Kwenye ncha ya pili ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mwenye karatasi ya daktari mkononi, akingoja duka la dawa lifunguliwe. Alikuwa amenunua kahawa, akainywa kimya.

—Samahanini, akasema. Mnaongea kwa sauti, nimesikia. Kwani huyo mama alikuwa anataka nini?

—Anataka nini vipi? akauliza Hakimu.

—Yeye mwenyewe. Sio alichowatakia watoto.

Breki akavua kofia yake, akaichungulia ndani, akaivaa tena.

Mama Birika alitafuta. Mama alitaka wasome. Alitaka bati lisivuje. Alitaka magoti yaache kumuuma ili awahi kazini. Akaendelea kutafuta, akipunguza maneno, akiondoa watoto, akiondoa mume, akiondoa nyumba, na kila alipochuja hakubaki na kitu. Si kwamba hakikuwepo. Hakuwahi kumuuliza.

Duka la dawa likafunguliwa. Mwanamke akaweka kikombe, akashukuru, akaenda zake. Yule wa nusu kichwa akaita tena, na Hakimu safari hii akaingia kummalizia.

Mama Birika akarudi kwenye kioo. Yeye naye, kila siku akishaosha vikombe na kumwaga majivu, hukaa kwanza kwenye ubao huu. Biashara imekwisha, watoto wanamngoja, na hafanyi lolote. Anakaa tu, mikono mapajani, mpaka taa za maduka ziwake. Akifika nyumbani husema wateja walikuwa wengi. Na mama yake, akichelewa, alikuwa akisema mashuka hayakukauka. Alisema hivyo hata wakati wa kiangazi.

Akagusa kanda ya nne, akabonyeza Omba.

—Umechagua wa glavu? Antena akauliza.

—Wa kuchelewa nyumbani.

Breki akasogea karibu.

—Umejuaje kuwa ni yeye?

—Sijajua, akasema, akiinua birika kuona kama limebakiza kitu. Ndiyo maana naenda.