Mzee Vifungo, Mpima Sumaku ya Dunia

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Vifungo.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1965, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika chumba nyuma ya duka la kinyozi, akasoma mtaani kwetu, akamaliza sekondari mwaka 1984, akaajiriwa kwenye kituo cha kupima sumaku ya dunia, na hakuwahi kuhama.

Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha mbao kisicho na msumari hata mmoja, maana chuma huivuruga sindano ya sumaku, kwa hiyo kila anayeingia huacha funguo mlangoni, naye alipofunga ndoa tarehe 12 Agosti 1990 na shemeji yetu, fundi cherehani, ni shemeji aliyemshonea suruali za kufunga kwa kamba, zisizo na zipu, na mashati ya vifungo vya mbao, watu wakacheka wee mpaka wakachoka, jina likaganda. Walijaliwa mabinti wawili.

Kwa habari za mwezi alituchosha, tuseme ukweli. Alieleza kwamba jua huisogeza sindano kila siku, hilo kila mpimaji huliona, lakini mwezi nao huivuta hewa ya juu kabisa, kama unavyoyavuta maji ya bahari, ukaongeza msogeo mdogo mno, ambao hauonekani mpaka ulinganishe vipimo vya miaka mingi visivyovurugwa.

Mwaka jana mwezi Februari moyo wake ulianza kusuasua, daktari akashauri awekewe kifuani kifaa cha chuma cha kuuendesha moyo, akakataa, kwa kuwa asingeweza tena kuingia kibandani, akaomba kwanza vipimo vyake vikamilike. Shemeji alimsihi, akamnunia, mwishowe akakubali kwa shingo upande, akaendelea kushona vifungo. Tarehe 4 mwezi huu alianguka akitoka kazini, akafariki hospitalini jioni hiyo.

Wenzake wametuambia alama ya mwezi imeonekana kwenye vipimo vyake, ndogo, lakini ipo. Habari hiyo tumeipokea, hatujui tuiweke wapi. Shemeji bado hajalia.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliolala nasi, wafanyakazi wenzake, na seremala wa kituo, aliyejitolea kuliunga jeneza hili kwa vigingi vya mbao vitupu, kwa heshima ya marehemu. Shemeji alimshukuru, kisha akamwomba apigilie misumari ya chuma, kama ya watu wengine, naye akapigilia.

Kaka, zamu yako imekwisha, pumzika.