Panya wa Profesa na Maini Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wenye nguvu waitike wamesimama. Waliochoka kama mimi waitike wamekaa, Mungu anasikia hata sauti inayotoka kwenye kiti.

Mimi ni Baba Furaha, dereva wa pikipiki, au moto kama tunavyosema hapa Kasongo. Kati ya hapa na Salamabila nimebeba vyote: mchele, mabati, wachimba dhahabu, na siku moja bibi harusi pamoja na mbuzi wake. Na ile barabara, jamani! Upande wa Lusangi kuna shimo, ukiingia umenyoa, unatoka na ndevu. Shule ya jioni niliimaliza nikiwa tayari baba wa watoto, diploma ninayo, imetundikwa ukutani. Lakini diploma ile haikunifundisha kupumzika.

Sisi watu wa moto tulikuwa na dawa yetu ya uchovu: komprime, vidonge vya dukani. Mgongo ukiuma, meza. Kichwa kikigonga, meza. Hakuna kinachouma? Meza, maana kitauma tu mbele ya safari. Tuligawiana kama karanga. Ungenitikisa wakati ule, ningelia kama kayamba!

Basi akaja Profesa Sefu, mtu mpole mwenye maabara ndogo ya kupima dawa za miti. Aliniomba nimletee magunia ya majani kutoka Wamaza, jani moja chungu ambalo wakulima wa kule wanampikia mtu mwenye macho ya manjano. Profesa aliyakausha, akayaponda, akayaloweka, akachuja maji yake, kisha akawanywesha panya. Alitaka kujua kama kweli jani lile linalinda maini, au ni maneno ya wazee tu. Kazi ya kuchosha! Umeme ukikatika anaanza upya, panya akifa kwa joto anaanza upya.

Ndugu zangu, wakati nabeba majani hayo, mimi mwenyewe nikaanza kuoza. Ulinishika uchovu nisioujua. Nilikuwa nasimamisha moto kando ya njia na kulala juu ya gunia, abiria ananipepea. Sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, chakula nilichokuwa nalilia, harufu yake tu ilinitoa nyumbani. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Na kwa sababu nimechoka, nikazidisha komprime.

Shangazi yangu Mwajuma ndiye aliyeniona. Yeye ni Mwislamu, mimi ni mtu wa kanisa, na tunakula sahani moja. Alinivuta kope, akapiga makofi.

“We mutoto wa kaka yangu! Macho iko kama mawese! Unabebea panya dawa, wewe mwenyewe unakufa? Panya ni wakwe zako?”

“Shangazi, ni uchovu tu.”

“Uchovu hauna rangi! Nenda kwa huyo Profesa, akupe chupa ya hiyo dawa. Asipokupa, mimi nitakuja kuongea na hao panya.”

Nikaenda, natembea kama mtu anayebeba kanisa mgongoni. Maabarani niliona panya wamelala ubavu, manyoya yamesimama. Nikauliza wana nini.

“Hao nimewaharibu maini makusudi,” Profesa akasema. “Bila hivyo nitajuaje kama jani linaokoa?”

“Kwa sumu gani, Profesa?”

Akaniinulia kopo. Nikasoma kwa sauti, maana kusoma najua: Paracetamol.

Nilicheka! “Profesa, hiyo si sumu. Hiyo ni chakula yetu!” Nikatoa za kwangu mfukoni, nikaziweka mezani karibu na lile kopo.

Yeye hakucheka. “Moja moja haina ubaya, Baba Furaha. Wewe unameza ngapi kwa siku?”

“Ah, Profesa, nani anahesabu?”

“Tangu lini?”

“Tangu barabara iliharibika.”

Akavua miwani. Akaniambia nikae chini. Ndugu zangu, niliwatazama wale panya, na wao wakanitazama, na nikaona tumekula meza moja! Nikamshika Profesa mkono nikilia: nipe chupa, hata kijiko kimoja.

“Siwezi,” akasema. “Panya waliokunywa jani kabla ya sumu, maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wengine. Waliokunywa baadaye, bado sijui. Na wewe si panya. Nikikupa leo, nitakuwa nakupima wewe.” Akafunga mlango wa maabara, akanishika bega mpaka lopitali.

Dokta alipima damu, akasema maini yameumia lakini hayajafa. Nikapewa matibabu, komprime zangu zikatupwa, nikarudishwa nyumbani kwa Shangazi na amri moja: kulala.

Hapo ndipo vita vilipoanza! Uchovu wote niliouzima kwa miaka ulirudi, kila mmoja na mkeka wake. Mgongo ulilia, magoti yalilia, hata nywele zilichoka. Nikisikia moto zinapita nje, nilitamani komprime kama mtoto anavyotamani ziwa la mama. Nilitaka kuomba maombi makubwa, ya kutetemesha bati. Nguvu hazikuwepo. Nikasema tu: Bwana, nimechoka.

Haleluya! Neno hilo, nimechoka, nilikuwa sijawahi kulisema. Kwetu watu wa moto ukilisema unachekwa, unapewa ya kumeza. Bwana hakunicheka. Nikalala usingizi wa mtu, si usingizi wa dawa. Pole pole nikadai sombe. Asubuhi moja Shangazi akanitoa juani, akanivuta kope, akasema “Alhamdulillah!” Mimi nikapiga “Amina!” hadi kuku wakahama kwa jirani.

Profesa anaendelea kupima jani lake, namwombea. Mimi bado naendesha, safari fupi, na ningali mchovu, sitawadanganya mbele ya madhabahu. Lakini nikichoka nasimama, namwambia abiria, “Shuka tupumzike.” Ananuna. Anune tu, macho yangu ni meupe.

Namshukuru Mungu aliyenisemesha kwa kopo la dawa. Na wewe ndugu yangu wa moto, uliyekaa pale karibu na mlango, nimeona mkono wako ukienda mfukoni. Sikusemi vibaya. Njoo hapa mbele, uziache komprime zako mezani, kesho nitakusindikiza kwa dokta. Hutaambiwa upige magoti kama hayawezi. Kiti kipo karibu na changu. Njoo tukae, tuchoke mbele za Bwana.