Maji ya Jioni Kwenye Nyanya za Asembo

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tusiotulia mahali. Nilitoka Lodwar, nikapita Kitale, nikafanya vibarua Eldoret, nikakata miwa Muhoroni, hadi nikafika Asembo Bay. Hapo nikakodi kipande cha shamba kando ya ziwa, nikapanda nyanya. Napakumbuka kuliko kwetu.

Nyanya zilipoanza kuzaa, majani yakapata madoa meusi. Asubuhi ukigeuza jani unakuta ukungu mweupe chini yake. Hata zile nilizochuma zikiwa nzima zilioza kwenye makreti kabla ya kufika soko la Kisumu. Watu wakasema ni jicho baya la Mama Atieno, mjane tuliyepakana naye, kwa sababu alipita kila jioni akizisifu. Kina mama wa maombi wakayaombea maji ya mtungi, wakanipa, nami kila jua likishuka nikayanyunyiza juu ya majani nikikemea. Ukungu ukazidi. Ndipo wakapanga kwenda kumkemea yeye mwenyewe mbele ya majirani. Ndugu zangu, mjane akishaitwa mwenye jicho baya pale, hakuna anayekula tena chakula chake wala kununua mboga zake.

Alasiri ya siku waliyopanga Mama Atieno akapita, bila kujua lolote, akasimama kwenye ua.

"Omera, ndugu yangu, hizi nyanya unaziogesha kila jioni, halafu unazilaza na nguo mbichi. Hata wewe ungekohoa."

Akaenda zake akicheka. Kina mama walipofika na Biblia zao, niliwaambia, "Mkienda kwake, anzeni na mimi. Maji nimemwaga mimi."

Kiongozi wao akaniuliza kama nadharau maombi. Nikamjibu sidharau, ila tuombe majani yakiwa makavu. Akaomba pale pale shambani, na hakuna aliyeenda kwa mjane.

Mimea iliyougua niliing'oa nikaichoma. Msimu uliofuata nikapanda kwa nafasi, nikamwagilia asubuhi kwenye shina, nikachuma umande ukishakauka, na nyanya iliyopasuka sikuichanganya na nzima. Zikafika Kisumu zikiwa ngumu. Namshukuru Mungu kwa hizo, na zaidi kwa alivyonitoa katika hofu ya jirani yangu. Wewe ambaye shamba lako linaoza, mtumaini yeye, na uyageuze majani kabla hujamtafuta adui.

Siku niliyoondoka Asembo moja kwa moja, nilipita kwa Mama Atieno kumuaga. Nilimkuta kiongozi wa maombi ameketi mlangoni, akila ugali kwa mboga za mwenyeji, akiomba aongezewe.