Mlingoti wa Nyuma

Mkunga alipanda basi akitaka usingizi tu, lakini watu wawili wa kiti cha mbele yake walikuwa wameshachachamaa. Amezoea kelele, ila za watu wenye sababu. Fundi seremala alikuwa amepakata merikebu ndogo ya mbao yenye milingoti miwili, anaipeleka makumbusho. Bibi mmoja wa miwani, ambaye hakuulizwa na mtu, alisoma kibao cha merikebu hiyo akasonya.

"Umeandika skuna. Hii si skuna, mwanangu."

"Mama, milingoti miwili, matanga yote yamefuata urefu wa chombo. Unataka nini tena?"

"Kwenye skuna, mlingoti wa nyuma hauwi mfupi kuliko wa mbele. Ukiwa mfupi, hicho ni chombo kingine na kina jina lake."

"Kazi hii nina miaka ishirini!"

"Basi umekosea miaka ishirini."

Abiria wakaacha simu zao. Mkunga, usingizi umeshamruka, akanyoosha shingo akaiona ncha ya ule mlingoti wa nyuma: nyeupe, haijapakwa rangi, msumeno umepita juzi tu.

"Haya," fundi akasema kwa sauti ya chini, "kabati la kioo la makumbusho ni fupi. Nimeupunguza kidogo. Nani atajua?"

Bibi akavua miwani. "Baba yangu alianguka kutoka mlingoti wa nyuma wa skuna, hakuamka tena. Kwa huo wako, angejipangusa suruali akarudi kazini."

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha makumbusho, lakini fundi hakuinuka. Alikuwa ameufunika mlingoti kwa kiganja.