Hollis Kaangushwa kwa Kura Moja

Kijiwe cha Harlow Mills kipo dampo. Huku milimani Vermont kila mtu hubeba taka zake mwenyewe Jumamosi asubuhi, tajiri na asiye na kitu, na kama kuna mtu hujamwona wiki nzima, kamsubiri hapo, atakuja tu. Ndiyo maana hata wanaotaka kwenda Bunge la Jimbo huombea kura hapo hapo, kati ya pipa la chupa na rundo la magodoro. Benchi ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu la shule. Kahawa huletwa na Elmira Thibault, kwenye chupa kubwa ya kijani yenye kifuniko kilichobonyea. Jumamosi hiyo ya Novemba ardhi ilikuwa imeganda, pua zinachuruzika, lakini baridi haikuwa habari. Habari ilikuwa ya Jumanne. Hollis, mume wa Elmira, mwakilishi wao kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameangushwa kwa kura moja.

– Moja, alisema Breki, ambaye basi hilo la shule aliliendesha mwenyewe mpaka likafa. Hata mbuzi hauzwi kwa tofauti ya moja.

– Waliiba, alisema Redio. Mama yake alimwita Elwin, lakini kwa vile hakuzimika tangu azaliwe, jina hilo limebaki kanisani.

– Waliiba wapi wewe? Kura tumehesabu kwa mkono, mezani, mbele ya macho ya watu. Mie mwenyewe nilikuwepo.

Huyo ni Sukari, anayechemsha maji matamu ya miti kila mwisho wa baridi mpaka yawe mazito kama asali.

– Ndiyo nasema, Redio akamgeukia. Wewe ulikuwepo. Na vidole vyako hivyo lini vimekauka asali? Karatasi mbili zimeshikana, ukahesabu moja.

– Asali mwezi wa kumi na moja?

– Andazi la asali hiyo hiyo unalila sasa hivi.

Sukari akatazama vidole vyake, akavifuta kwenye suruali pole pole.

Elmira alimimina kahawa. Macho yake yalikuwa kule kwenye rundo la vyuma, ambako Hollis, glavu mkononi, alikuwa akimsaidia mama mmoja mgeni kushusha jiko kuukuu kutoka kwenye gari. Ndivyo alivyoanza hata siasa zake. Mwaka ule mto ulipobeba daraja, alisimama hapa Jumamosi tano akishusha majiko ya watu, na wengine walimpigia kura bila kujua kuwa anagombea, walidhani wanamshukuru. Daraja likajengwa. Shule ya watoto ikataka kufungwa, akabishana huko bungeni mpaka sauti ikamkauka, shule ikabaki.

– Shemeji, Breki akamwambia Elmira, mwisho wa kuomba zihesabiwe upya ni Jumatatu. Ameomba?

– Hajaomba.

– Ataomba?

– Nimemuuliza mara mbili. Anasema zimehesabiwa vizuri.

– Amejuaje, na hakuwepo mezani?

Elmira akakaza kifuniko cha chupa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi tangu Jumanne. Baridi iliyopita, Hollis alipokuwa akifunga begi kurudi bungeni kwenye theluji, yeye alisimama mlangoni na ndoo ya kondoo mkononi akamwambia, "Mimi nimezeeka na kondoo, Hollis. Siyo na wewe." Hollis aliweka begi chini, akalitazama, akaliinua tena. Hawakulizungumza tena neno hilo. Sasa hataki kura zihesabiwe upya, na Elmira alijiona kama ndiye aliyemkata miguu. Na Jumanne alimpigia kura, tena aliikoleza ile alama mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

– Mnatafuta mbali, alisema Sukari. Yule Corinne Ashby aliyemshinda ni daktari wa mifugo. Amezalisha ng'ombe wa nusu ya kijiji. Mtu ukishamwona mwenzako saa tisa za usiku amelala chini zizini, mkono wote uko ndani ya ng'ombe wako, utamnyima kura?

– Mgeni yule, alisema Redio. Amekuja juzi tu.

– Ana miaka kumi na moja hapa.

– Si ndiyo juzi.

– Ng'ombe hawapigi kura, alisema Breki.

– Hawapigi, lakini wanatoa maziwa. Ukimpigia Hollis, Corinne akasikia, ng'ombe wako akikwama usiku, simu atapokea nani? Watu wameogopea ng'ombe wao.

– Kura ni siri, bwana.

– Kijiji hiki? Mke wangu alinunua soksi dukani, nikaambiwa rangi yake kabla hajafika nyumbani.

Wakacheka, hata Elmira kidogo. Breki akasogea mbele, sauti akaishusha kama anataka kuuza kitu.

– Mie nasema ni saa ya ukutani, pale ukumbini tulipopigia kura. Inachelewa. Imechelewa tangu wakati wa baba yake Hollis. Mlango umefungwa kwa saa ile, na nje amebaki mtu mmoja. Mmoja tu. Amegonga, hakufunguliwa, akaenda zake.

– Saa ikichelewa mlango unachelewa kufungwa, Breki, alisema Sukari. Ndiyo maana watoto wa basi lako walichelewa shule kila siku.

– Basi amebaki ndani, Breki akasema bila aibu. Mmoja aliyepaswa kubaki nje, ameingia.

– Nani?

– Ndiyo tumtafute.

– Baba yake angekuwa hai angelia, alisema Redio. Mzee Ansel. Naye alikuwa huko bungeni, mnakumbuka? Siku ya uchaguzi alikuwa akimpitia mpinzani wake kwa gari lake mwenyewe, ampeleke kupiga kura. Mpinzani wake.

– Mzee wa adabu zake.

– Za kupita kiasi. Ukila kwake ilikuwa taabu, kila mtu anamngoja mwenzake apakue.

Mama mgeni alikuja huku akipangusa masizi mikononi. Alikuwa amehamia nyumba ya zamani ya posta mwezi uliopita, na viatu vyake bado vilikuwa vya mjini. Wakamsogezea nafasi. Akasikiliza kidogo habari za saa na za ng'ombe, kisha akasema kwa heshima:

– Samahani, wazee wangu. Na yeye mwenyewe alimpigia nani?

– Nani?

– Huyu baba aliyenishushia jiko.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Hilo halijawahi kuonekana. Breki akamtazama Sukari, Sukari akatazama vidole. Kisha wote watatu wakamtazama Elmira, naye alikuwa amesimama, chupa mkononi, akimsikia akilini marehemu baba mkwe wake kwa sauti ile ya puani, kwenye meza ya jikoni, mwaka ule wa kwanza: "Jina lako likiwa kwenye karatasi, mwanangu, hujipi mwenyewe. Unampa mwenzako. Mtu wetu hajipakulii." Hollis aliitikia ndiyo baba. Miaka yote ile haikudhuru kitu, maana alikuwa akishinda kwa mamia.

Hollis akaja akivua glavu.

– Mmekaa kama mnazika, alisema.

– Ulimpa Corinne, alisema Elmira.

Masikio ya Hollis yakawa mekundu, na haikuwa baridi.

– Kila mara nimempa mwenzangu, alisema. Ningeanza lini kuacha?

– Ungejipa wewe, ungepita kwa moja, alisema Breki, kwa sauti ndogo.

– Najua, Breki. Hesabu hiyo nimeifanya tangu Jumanne.

– Kwa hiyo siyo mimi, alisema Elmira.

– Wewe kivipi?

– Yale ya kondoo.

Hollis akazikunja glavu zake.

– Yale niliyasikia, alisema. Ningeshinda, ningekwenda bungeni nayo moyoni. Ningekwenda, Elmira, sikudanganyi.

Elmira akaitikia kwa kichwa. Lilimuuma, na lilimtua mzigo, yote mawili kwa pamoja. Akainamisha chupa, ikatoa kikombe kimoja na matone. Akampa mumewe.

Hollis akakishika kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni. Akawatazama wale wa benchi.

– Wengine wamepata? aliuliza.

Hakungoja wajibu. Mama mgeni hakuwa na kikombe. Hollis akampa chake.