Alama ya Kidole kwenye Vazi la Bluu: Maisha ya Maman Lucienne Numbi

Maman Lucienne Numbi, tunayemsindikiza leo hapa Ganshoren, Brussels, alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Septemba 1952, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Anselme Numbi, fundi wa mgodini, na marehemu Maman Véronique Mujinga.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Likasi, kisha shule ya ushonaji hadi mwaka 1969. Alitamani sana uuguzi, lakini baba yake alifariki, na wadogo zake walihitaji kula.

Tarehe 6 Julai 1974, mjini Lubumbashi, alifunga ndoa na Papa Ghislain Kabamba, mwalimu wa hesabu, aliyefika kwake kushonesha koti akaondoka na mchumba. Walijaliwa watoto wawili, Rigobert na Emmanuella. Papa Ghislain alitutoka mwaka 2011.

Familia ilihamia Brussels mwaka 1994. Maman alipata kazi katika nyumba ya wazee hapa Ganshoren. Aliwaosha, aliwalisha, na wengi aliwafumba macho kwa mikono yake, hadi alipostaafu mwaka 2017.

Wengi wenu mlimfahamu kwa ile picha. Mwaka 2006 alikwenda na wanaparokia kuhiji Loreto, Italia. Huko mchoraji mmoja, kijana wa Kiitalia, alikuwa akichapa mchoro wa Bikira Maria na Mtoto, kisha anapaka kila nakala rangi kwa brashi. Maman alisogea, akagusa vazi la Bikira kabla bluu haijakauka. Alama ya kidole chake ikabaki pale. Kijana alitaka kumpa nyingine safi, maman akakataa. Aliyoiharibu ndiyo aliyoinunua.

Tangu hapo picha hiyo haikukaa nyumbani. Ilipelekwa kwa kila mgonjwa ambaye maman alisikia habari zake, ikakaa naye hadi apone au apumzike. Kila mmoja aliweka kidole palepale, mpaka bluu ikafifia na karatasi ikaonekana. Padre Rik wa parokia yetu, aliyewahi kuhudumu Likasi, alisikitika.

"Maman Lucienne, mikono itamaliza rangi yote. Weka kioo."

"Bon, papa Rik, na weye siku ukigonjwa nikupe kioo ushike?"

Padre alicheka kuliko wote. Kioo hakikuwekwa.

Mwezi Oktoba 2024 madaktari walimgundulia saratani ya kongosho. Wakati huo picha ilikuwa mtaa wa Saint-Josse, hapahapa Brussels, kwa Ushindi, msichana anayetibiwa saratani ya damu, ambaye hana ndugu hapa. Maman alikataza isifuatwe. Lakini alipoacha kula, Emmanuella hakuvumilia. Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, alikwenda kuichukua bila kumwambia mama yake, akaiweka juu ya kitanda chake hospitalini.

Maman aliitazama, akauliza:

"Ushindi amesha kupona?"

"Hapana, maman."

"Alors? Umeileta juu ya nini?"

"Maman, na weye unagonjwa! Kila muntu ameishika, isipokuwa weye?"

Alinyoosha mkono, akaweka kidole kwenye alama yake mwenyewe. Kilienea vilevile.

"Bon. Nimeishika. Rudisha."

"Maman..."

"Ule mutoto iko peke yake, Ema. Mimi niko na weye."

Emmanuella aliirudisha jioni ileile, akilia njia nzima ndani ya basi. Kisha akarudi kukaa kando ya mama yake. Jumapili, tarehe 9 Machi, alfajiri, Maman Lucienne alifariki dunia, kidole chake kikiwa kimefungwa ndani ya kiganja cha binti yake.

Wengi wameuliza kwa nini picha haipo leo kando ya jeneza. Iko Saint-Josse. Ushindi bado anaumwa.

Maman Lucienne ameacha watoto wawili, Rigobert aliyeko Lubumbashi na Emmanuella wa Brussels, mdogo wa marehemu, Maman Graciella, wajukuu watano, na wagonjwa aliowahi kuwapelekea picha, ambao leo wamekuja kwa miguu yao.

Mikono yake ilifanya kazi nyingi. Sasa ipumzike kwa amani.