Verna Hockridge na Kona ya Barabara ya Kisima cha Chumvi

Ndugu, majirani na nyote mlioziacha mashine zenu mashambani leo ili mje kutusaidia kumsindikiza mama yetu, familia imemtuma mkwe asome historia hii, kwa sababu watoto wamesema hawatafika mwisho bila kulia, na mkwe, kama marehemu alivyopenda kusema, ana uso mkavu.

Verna Isobel Hockridge alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika shamba la wazazi wake, Albert na Elsie Trewhella, mashariki mwa Nukarra, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, na alikulia katika kazi iliyowalea watoto wote wa hapa, yaani kutembea nyuma ya jembe la baba na kuokota visiki vya mikaratusi vilivyong'olewa, ili viwe kuni za majira ya baridi. Kazi hiyo aliichukia, na hakuficha, lakini ndiyo iliyomfundisha kwamba mkaratusi wetu mfupi, wenye mashina mengi yatokayo chini kwa pamoja, uhai wake hauko juu, uko ndani ya udongo, katika kisiki kinachoweza kukatwa na kuchomwa, kisha kikachipua mvua ikinyesha.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Kisima cha Chumvi kuanzia mwaka 1944 hadi 1951, akawashinda kaka zake wote darasani, jambo ambalo halikumfaidi yeye wala wao, na tarehe 4 Mei 1953 alianza kazi ya kuunganisha simu katika posta ya Nukarra, akaifanya kwa miaka sita, akiunganisha mazungumzo ya wilaya nzima na, kwa kadiri tujuavyo, akisikiliza nusu yake.

Tarehe 17 Oktoba 1959 alifunga ndoa na Lindsay Hockridge, mkulima wa ngano, ambaye yuko nasi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gwenda, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1961, na Ross, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1964, na baadaye wajukuu wanne.

Mimea alianza kuikusanya mwaka 1979, akiikausha kati ya magazeti chini ya godoro la ndoa, na baba mkwe amelala juu ya nusu ya mimea ya wilaya hii bila kulalamika sana. Mwezi Agosti 1986, kando ya Barabara ya Kisima cha Chumvi, aliona vichaka arobaini na viwili vya mkaratusi asioufahamu, visivyozidi urefu wa mtu na nusu, vyenye gome laini la rangi ya shaba, na tumba la kila ua limevaa kifuniko kirefu kilichochongoka mithili ya pembe ya mwanambuzi. Hakuviona mahali pengine popote, na halmashauri ilikuwa imeshapanga kuipanua barabara hiyo, kwa hiyo kama ulikuwa mmea wa aina yake peke yake, greda lingepita na dunia isingejua imepoteza nini.

Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe aliagiza tusome kosa hili bila kulipaka sukari. Alikata maua kwenye shina moja na matunda kwenye shina jingine la kichaka hichohicho, kwa kuwa sisi sote tunajua mashina yatokayo mahali pamoja ni ya kisiki kimoja, akayatuma mjini Perth, naye mtaalamu wa mimea wa huko, Dkt. Ingrid Faulds, akajibu kwa haki kabisa kwamba huyo ni chotara wa mikaratusi miwili ya kawaida. Mama, aliyekuwa ameshaiambia halmashauri kwamba mmea ni mpya, alitangaza mwenyewe mbele yao kwamba amekosea, akarudi nyumbani akiwa amevunjika moyo, lakini wiki iliyofuata alimwita Lindsay na sepetu, wakafukua taratibu, wakakuta visiki viwili vya mikaratusi tofauti vimekua vikabanana hadi vikaonekana kitu kimoja. Dkt. Faulds alipopelekewa matawi sahihi alisema sasa anaona, ila shaka haiondolewi na barua, zipandwe mbegu, kwa maana chotara watoto wake hugawanyika, hawa wakafuata mzazi huyu na wale yule.

Mkutano wa halmashauri wa tarehe 14 Februari 1989 wengi wenu mlikuwepo, na mnakumbuka mwenyekiti, marehemu Merv Dunstan, alivyouliza, "Verna, ulisema mpya, ukasema chotara, sasa mpya tena. Greda lisubiri kauli ya ngapi?" Hapo akasimama Lindsay, mtu aliyeng'oa mikaratusi maisha yake yote, akasema, "Lisubiri ya mwisho. Ikithibitika ni mpya, pindeni barabara ipite kwangu. Ni ngano tu." Haikuwa ngano tu, lilikuwa bonde lake bora kuliko yote, na njiani mama akamwuliza, "Umeropoka au umemaanisha?" naye akamjibu, "Nimeropoka. Lakini nimemaanisha."

Halmashauri ikampa miaka miwili. Alipanda mbegu mia mbili na arobaini katika makopo ya maziwa ya unga, nyuma ya jiko la wakata manyoya ya kondoo, na Gwenda anakumbuka kwamba kuna asubuhi mama alipita bila kutazama, kwa kuogopa kuona jani moja lililopotoka. Tarehe 20 Oktoba 1990 Dkt. Faulds alikuja mwenyewe, akapita mstari kwa mstari, miche mia moja tisini na saba iliyoota, yote ina majani membamba ya kijivu, akainuka na kusema, "Hapa hakuna ugomvi, Verna. Hawa ni ukoo wao wenyewe." Mama alikaa juu ya ndoo akalia kwa furaha, na Machi 1991 barabara ikapindishwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, akatibiwa kwa upendo mkubwa, na Jumatatu tarehe 9 Septemba 2019, saa nne asubuhi, akaiaga dunia nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya, majirani waliokata manyoya ya kondoo wetu bila kuombwa, akina mama waliotujaza keki za nazi hadi friji haifungi, na Dkt. Faulds, aliyesafiri tangu alfajiri. Mkielekea makaburini mtapita kwenye kona, na wageni huuliza kwa nini barabara iliyonyooka hivyo inajipinda ghafla, pasipo mto wala kilima, basi leo endesheni polepole, fungueni madirisha, kwa sababu vichaka vyote arobaini na viwili vimechanua.

Mama, kazi imekwisha vizuri, pumzika sasa kwa amani.